Siku Nne Nikimtafuta Chemosit

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye sokoni Sigowet huniuliza swali lile lile, na wengine huanza kucheka kabla sijafungua kinywa. Nimeona ni heri niyaandike yote mara moja, kwa mpangilio, ili anayetaka kucheka acheke akiwa na habari kamili.

Wengi wenu mnanifahamu: mwalimu wa shule ya msingi, mzee wa kanisa, mtu wa vitabu na utaratibu. Mnamfahamu pia Kogo Taplelei, ambaye hata wasio wajukuu wake humwita Kogo, yaani nyanya. Tangu mumewe afariki na wanawe wahamie mbali, darasa la watoto la Jumapili ndilo lililobaki kuwa nyumba yake. Yeye huamka Jumapili kabla ya kuku, akavaa kitambaa cheupe kichwani, akaketi darasani saa nzima kabla ya mtoto wa kwanza kufika.

Jumapili moja nilipita kando ya dirisha la darasa hilo nikamsikia akisimulia habari za Chemosit. Huyo, kwa asiyejua, ni zimwi la wazee wetu: nusu mtu, nusu ndege, mwenye mguu mmoja, anayetembelea fimbo, na mdomo mwekundu unaong'aa gizani kama taa. Ana pia, na naomba radhi, viungo vya kukalia tisa. Watoto walikuwa wakicheka hadi kutoa machozi. Mimi sikucheka. Katika mahubiri yetu jina hilo hutumika kumtaja Ibilisi, nami niliona Ibilisi akifanyiwa mzaha ndani ya nyumba ya Mungu. Jioni hiyo niliandika barua ya kurasa mbili kwa kamati, nikitaka Kogo aondolewe darasani.

Mchungaji aliisoma mara mbili. "Mwalimu," akasema, "wewe ndiwe msomaji hapa. Hili jina limetoka wapi?"

Nilikiri kwamba sijui.

"Basi nenda uulize. Shule zimefungwa. Kamati itakaa Jumapili baada ya ibada. Ukituletea kwamba ni jina la Ibilisi tangu mwanzo, Kogo atatoka. Lakini utuletee, usitukisie."

Hivyo ndivyo nilivyofunga safari Jumatano asubuhi. Langoni nilimkuta Kogo amesimama. Alikuwa na habari zote.

"Unaenda kumtafuta?" akaniuliza.

"Naenda kutafuta asili ya jina lake, Kogo."

"Sawa. Ukimwona, muulize ukoo wake."

Nilidhani ananidhihaki, nikaenda zangu bila kumjibu.

Sigowet hadi Kericho

Nilipata nafasi katika pikapu ya maziwa, nikaketi mbele na mkoba wangu magotini. Mwaka huu mvua za El Nino zilikuwa zimezila barabara kama panya walavyo mahindi ghalani. Tulikwama mara mbili kabla ya kuiona lami, na mara ya pili dereva alinitazama viatu, akasema, "Mwalimu, hiyo viatu ni ya kanisa. Wacha sisi tusukume, wewe utuombee." Nilishuka nikasukuma. Nataka hilo lijulikane, kwa maana hakuna aliyenisifu wakati ule.

Mjini nilipanga kulala kwa rafiki yangu wa siku nyingi, Baba Njeri, mwenye duka la misumari na mabati, ambaye wazazi wake walihamia Kericho kutoka Nyeri yeye akiwa mgongoni. Mkewe alitupakulia githeri. Nilipoeleza shughuli iliyonileta, Baba Njeri aliweka kijiko chini.

"Kumbe unatafuta irimu," akasema. "Sisi pia tulikuwa nayo. Ile yetu inakuja kwa ngoma kama kijana mzuri sana, nguo safi, meno safi. Wasichana wanamfuata. Lakini huku nyuma, kwa kisogo, nywele imefunika mdomo ingine. Inakula nzi."

"Na maana yake ni nini?"

"Maana ni kwamba ukiona mtu anapendeza kupita kiasi, zunguka umwone kisogo. Mama yangu aliniambia hivyo."

"Ndiyo sababu alinizunguka mara tatu kabla ya kunichumbia," mkewe akasema kutoka jikoni. "Mimi nilifikiri ni heshima."

Usiku huo niliandika katika daftari langu jambo lililonifurahisha kama msomaji. Irimu la Wagikuyu na zimwi la Waswahili ni neno moja lililopita njia mbili. Na zimwi lenyewe ni ndugu wa mzimu na wa kuzimu. Yaani wale waliotunga maneno hayo hawakuwa wakimtaja adui wa Mungu. Walikuwa wakiwataja wafu, na pengine wale wafu ambao hakuna tena aliyewakumbuka, wakageuka wakali. Nilipigia mstari sentensi hiyo. Kisha nikaongeza chini yake: "Chemosit si neno la ukoo huo. Usikimbilie hukumu." Nilijisifu kwa uangalifu wangu, kisha nikalala.

Kericho hadi Litein, kupitia Chemosit

Alhamisi asubuhi nilipanda lori lililokuwa likirudi na magunia matupu ya majani chai. Tulipofika kituo kidogo kiitwacho Chemosit, gurudumu la nyuma lilikataa kwenda mbele, na dereva akatangaza kwamba tutapumzika dakika kumi. Tulipumzika saa tatu.

Sikulalamika. Kama kuna mahali ambapo mtu anayechunguza jina la Chemosit angepaswa kukwama, ni pale. Niliingia katika kibanda cha chai, nikatoa daftari, nikamuuliza mwenye kibanda kwa nini mahali pao pakaitwa jina la zimwi.

"Ni watu wa Litein," akanijibu bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria. "Wivu tu. Waliona chai yetu imekubali."

Mzee aliyekuwa ameegemeza kikapu chake cha kuvunia mlangoni alimpinga. Alisema kwamba zamani bonde la mto pale chini lilikuwa msitu mzito, na waliovuka jioni waliona mwanga mwekundu ukienda na kurudi ng'ambo, hakuna nyumba, hakuna moto. Kijana aliyekuwa akila mandazi akasema wote wawili wanabahatisha. "Hiyo ni jina ya mto. Mto hauulizwi."

"Na ana vile viungo vingapi?" nikauliza, kwa kuwa mchunguzi hapaswi kuacha kitu. Nilionyesha kwa mkono nyuma ya koti langu.

"Nne," akasema kijana.

"Tisa," wakasema wengine wawili kwa pamoja, na wakatazamana kwa mshangao, kwa sababu lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana tangu niingie.

Niliandika majibu yote. Mtu mmoja alisema wivu, mmoja mwanga, mmoja mto. Sikuona Ibilisi mahali popote. Jambo hilo lilinikera, maana barua yangu ilikuwa na kurasa mbili.

Litein hadi Mogogosiek

Litein niliambiwa kwamba anayejua asili ya majina yetu kuliko wote ni mzee arap Chumo wa Ndanai, aliyekuwa mhubiri tangu siku za wamishonari. Njia fupi ya kwenda kwake ni kushuka moja kwa moja hadi Sotik, lakini daraja la njiani lilikuwa limemegwa na maji. Ilibidi nizunguke kwa Mogogosiek, ambako lori la maziwa huondoka kila asubuhi. Mwalimu mwenzangu alinionyesha njia ya mkato katikati ya mashamba ya chai. "Ni saa mbili tu," akasema. Alikuwa akipima kwa miguu yake.

Mvua ilinikuta katikati, kisha ukungu. Wale waliokulia hapa mnajua ukungu wetu wa saa kumi na mbili, unavyoshuka juu ya michai hadi mtu asione mkono wake. Nilikuwa nimelowa, na nilikuwa sina hakika tena kama ninaelekea Mogogosiek au ninarudi nilikotoka. Ndipo nilipouona mwanga mwekundu, chini upande wa kushoto. Na kutoka huko zikaja sauti za watu wakiimba.

Nilisimama nikasikiliza. Sauti ilikuwa ya wimbo wa kitabu chetu cha kanisani. Maneno sikuyasikia, lakini sauti ile nimeiimba tangu utotoni. Nikamshukuru Mungu. Nilijiambia kwamba hawa ni ndugu walio katika ibada ya jioni, nikaiacha barabara, nikashuka katikati ya michai nikiifuata taa.

Nilianguka mara mbili. Nilipofika karibu, sauti ya mwanamke ilitoka gizani.

"Nani huyo? Simama hapo. Ukoo gani?"

Nilisimama. Nikautaja ukoo wangu, nikalitaja na jina la baba yangu.

"Ingia basi," ikasema ile sauti. "Mwizi hatajangi baba yake."

Niliingia, nikiwa tayari kuungana nao katika sala. Ndani kulikuwa na moto, taa ya koroboi nyuma ya kioo chekundu, chungu kikubwa katikati, na wanaume wapatao kumi wakiwa na mirija mirefu midomoni. Wimbo ulikuwa ukiendelea. Sauti ilikuwa ya kanisani kweli, lakini maneno yalimhusu karani wa kununua majani na mizani yake.

Katika maisha yangu yote sikuwahi kukanyaga nyumba ya pombe ya busaa. Na kana kwamba hilo halikutosha, mmoja wa wale wenye mirija aligeuka, nikamtambua: Joel, mshona viatu wa soko letu la Sigowet, aliyekuja huko kumtembelea shemeji yake.

"Mwalimu wetu," akasema taratibu, kama mtu aonaye maono. "Hata wewe?"

"Nimepotea njia, Joel."

"Wote tulikuja hivyo," akasema, akanisogezea mrija.

Niliukataa. Nilikikataa pia kiti, kisha nikajikuta nimekikalia. Mwenye nyumba, Mama Chebet, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuamuru, aliniona nikitetemeka. Alinivua koti akalitandaza juu ya kamba karibu na chungu, akaniletea ugali na mboga za isageek na chai ya maziwa. Sitasema uongo: sijawahi kula mboga tamu kama zile. Wale wanaume walipunguza sauti kwa heshima yangu, na mmoja akaniomba nimsaidie kukumbuka ubeti wa tatu, ule wa kweli. Nilimsomea. Akalia kidogo, kisha akarudi kwenye mrija wake.

Koti lilipokauka, Mama Chebet alichukua taa yake mwenyewe akanisindikiza hadi barabarani.

"Mwalimu," akasema, "ungeuliza kutoka mbali. Uite, 'Nyinyi ni ukoo gani?' Wakijibu, ujue ni watu. Wakinyamaza au wakicheka, urudi. Hata watoto yangu wanajua."

"Nani aliwafundisha?"

Aliniinulia taa usoni kuona kama natania. "Si ni ile hadithi? Ya Chemosit."

Nilitembea hadi Mogogosiek. Njia nzima nilikuwa nikinusa kitu, na nilipofika kwenye taa za kiwanda niligundua kwamba ni koti langu.

Mogogosiek hadi Ndanai

Ijumaa nilisafiri vizuri kwa lori la maziwa hadi Bomet, kisha Sotik, ambako njaa ilinishika nikala nyama choma ya mbuzi katika hoteli iliyo karibu na stendi. Naitaja nyama hiyo kwa sababu ilinigharimu siku nzima.

Mzee arap Chumo nilimkuta uani kwake Ndanai, akichonga mpini wa jembe. Macho yake yalikuwa yamefifia lakini masikio yalikuwa mazima. Alinikaribisha, akamwita mkewe alete maziwa ya kibuyu, yale ya mursik yaliyoganda, yenye unga mweusi wa mkaa. Kisha akaniuliza, kama mtu aulizaye hali ya hewa:

"Umekula nyama leo?"

Mimi sisemi uongo. "Nimekula, mzee. Sotik."

Akamrudisha mkewe kwa ishara ya mkono. "Basi maziwa mpaka kesho. Hatuchanganyi kwa tumbo moja, siku moja. Ng'ombe hapendi."

Nilimweleza kwamba mimi ni Mkristo, kwamba yeye pia amehubiri miaka mingi, na kwamba ng'ombe hawezi kujua nilichokula Sotik. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nilihubiri," akasema. "Na ng'ombe nilikuwa nao pia. Hukuja kwa chai, umekuja kwa maneno makubwa. Maneno makubwa yanataka maziwa. Lala."

Nililala. Jumamosi asubuhi nilikunywa kibuyu kizima mbele yake, akaridhika, akaanza.

"Jina lilitoka wapi, sijui," akasema. "Baba yangu hakujua. Mwanzo wake ni kama mwanzo wa majina ya wasichana, Chebet, Chepkoech, kwa hiyo wengine wanasema ni jike. Hakuna aliyekaribia kuangalia. Usiandike kitu ambacho sikujua."

"Nami siandiki, mzee. Lakini ni Ibilisi?"

Alicheka hadi akauweka mpini wake chini. "Huyo tulimwazima. Wahubiri wa kwanza walitafuta jina la mwovu, jina ambalo mtu akisikia anashtuka. Chemosit alikuwa karibu, na alikuwa tayari na sifa mbaya. Mimi mwenyewe nilikuwa nikilitumia. Lilifanya kazi nzuri. Lakini Ibilisi ana akili, anakuja na hoja. Chemosit hana hoja. Ana taa na wimbo tu."

"Na ule mguu mmoja?"

"Ni nusu. Ni mtu ambaye hakumalizika. Hakuzaliwa na mtu, hakuna anayemwita mjomba, hana ukoo. Ndiyo maana ukimuuliza ukoo wake ananyamaza. Watoto walikuwa wakifuata ngoma gizani, na nyika ilikuwa na chui na wezi wa watoto. Utamwambia mtoto asipende wimbo? Hawezi. Unamwambia aulize kwanza nani anaimba."

"Na vile... vya kukalia?"

"Tisa? Hiyo ni ya kuchekesha. Mtoto akicheka hasahau."

Nilifunga daftari. Nilitaka kumsimulia habari za Mogogosiek, lakini aibu ilinizuia.

Ndanai hadi nyumbani

Nilifika Sigowet Jumamosi jioni kwa msaada wa trekta, lori na miguu, nikiwa nimepanga hotuba kichwani. Sikujua kwamba Joel alikuwa ametangulia. Alifika Ijumaa, na hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amesema tu, kwa kila aliyeleta kiatu, kwamba amemwona Mwalimu kwa busaa na kwamba Mwalimu ni mtu mwema kuliko alivyodhani.

Jumapili baada ya ibada kamati ilikaa. Kogo Taplelei aliketi kwenye benchi la nyuma na kitambaa chake cheupe, mikono magotini, kama mtu anayesubiri kuambiwa ahame. Watoto walikuwa wamejazana nje, wamekatazwa kuingia darasani hadi tuamue.

"Kabla hatujamsikia Kogo," akasema Mchungaji, naye alikuwa akitazama meza, "Mwalimu, kuna maneno sokoni. Ulikuwa Mogogosiek?"

"Nilikuwa."

"Katika nyumba ya pombe?"

"Ndani yake."

Mweka hazina, anayeketi karibu nami, aliinama kidogo akalinusa koti langu, kisha akasogeza kiti. Nilieleza ukungu, nikaeleza taa, nikaeleza wimbo. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nyuso zilivyofungika. Nilizitambua nyuso hizo, maana ndizo nilizotaka, katika barua yangu, zimgeukie Kogo. Kila nilichosema kilikuwa kweli, na hakuna hata neno moja lililosikika kama kweli.

Ndipo Kogo aliposimama. Hakuna aliyempa ruhusa.

"Mwalimu, uliona taa nyekundu?"

"Niliona, Kogo."

"Ulisikia wimbo mzuri?"

"Nilisikia."

"Uliuliza ukoo?"

"Sikuuliza," nikasema.

Akaigeukia kamati. "Huyu hakulewa. Huyu hakusimuliwa. Baba yake alikuwa mtu wa vitabu, nyumba yao ilikuwa karibu na yetu. Sisi watoto wakubwa tukianza hadithi, alimwita ndani akafunga mlango. Nilikuwa nikimwona dirishani, masikio nje. Mtu mzima, mwalimu, anafuata taa kwa michai kama mtoto wa miaka mitano." Akaketi. "Mimi sijampoteza mtoto yeyote hivyo."

Mchungaji alijikaza, akashindwa, akacheka, na kamati nzima ikamfuata, hata mweka hazina. Nilisubiri wamalize. Kisha nilitoa nakala ya barua yangu mkobani, nikaichana mara mbili, nikasema niliyoyapata: kwamba jina ni la zamani kuliko tunavyoweza kulifuata, kwamba mwovu aliazimwa jina hilo na si kinyume chake, na kwamba anayewafundisha watoto kuuliza kabla ya kufuata anafanya kazi ambayo sisi wazee tumekuwa tukiifanya vibaya. Kogo alibaki na darasa lake. Kura hazikuhesabiwa, kwa kuwa hakuna mkono uliobaki chini.

Adhabu nilipewa mimi. Mchungaji alisema kwamba mtu ambaye hakusimuliwa lazima asimuliwe, na akaniamuru kuhudhuria darasa la watoto kwa mwezi mmoja.

Kwa hiyo Jumapili iliyofuata niliketi kwenye kibenchi kifupi, magoti karibu na masikio, watoto wakinitazama zaidi kuliko walivyomtazama Kogo. Alisimulia vizuri. Alisimulia msitu, mguu mmoja, fimbo, mdomo unaong'aa. Kisha akasimama katikati ya sentensi.

"Na alikuwa na nini tisa?" akauliza. "Tumsikie Mwalimu."

Nilikuwa nimeandika kurasa mbili bila kulitaja neno hilo. Nilikuwa nimevuka Kericho na Bomet nzima nikilionyesha kwa mkono. Nilisimama, nikafunga kifungo cha koti, ambalo bado linanuka kidogo, nikalitamka neno lote kwa sauti ya darasani, ya kufika hadi nje ya dirisha, pale nilipokuwa nimesimama siku ile.